Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya: tuonyeshwe ramani nzima kabla ya saini

YAH: MIKATABA YA MASHAMBA KWA AJILI YA MITAMBO YA UPEPO

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumatatu wiki hii greda lilipanda kilimani likafungua njia yenye upana wa mita 6 kutoka barabara ya kijiji hadi kwenye vigingi vyenye utepe mwekundu. Hakuna mwenye shamba aliyekuwa amelipwa. Udongo mweusi wa juu, unaobeba mahindi na viazi, umesukumwa pembeni na kuchanganywa na udongo mwekundu wa chini. Mtaro umechimbwa kufuata mteremko moja kwa moja, bila kalavati hata moja, na unaishia kwenye shamba la parachichi. Mvua zikianza, maji ya kilima kizima yatatokea hapo.

Mheshimiwa, wewe mwenyewe ulituambia kwenye mkutano mkuu wa kijiji kwamba hakuna jembe litakalogusa ardhi kabla kila mwenye shamba hajaona mchoro na kulipwa. Maneno hayo yamo kwenye muhtasari. Tunakukumbusha kwa heshima kwa sababu wiki ijayo tumeitwa kusaini mikataba na mwekezaji.

Umeme wa upepo tunautaka. Mitambo mitatu ya Mufindi, megawati 2.4 kwa jumla, imeshaonyesha kwamba upepo wa huku unazalisha, na njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Iringa kwenda Mbeya inapita ukanda huu huu. Shida yetu ni kwamba mkataba tuliopewa unalipia duara la msingi wa mnara peke yake, kipenyo cha mita 20 hivi. Duara hilo ndilo sehemu ndogo kuliko zote katika kazi hii.

Msingi wa mnara wa megawati 4 hula zege la mita za ujazo 500 au zaidi, na zege hilo humwagwa mfululizo bila kusimama. Tabaka la chini likianza kukauka kabla ya la juu kufika, hayashikani, na mtikisiko wa mnara utapanua ufa huo miaka yote. Gari la zege hubeba mita za ujazo 7 hivi. Hizo ni safari zaidi ya 70 kwa mnara mmoja, usiku na mchana, juu ya barabara iliyozoea Fuso za mbao. Nani ataitengeneza? Mkataba hausemi.

Pembeni ya msingi panatakiwa uwanja wa kreni, mita 40 kwa 25 au zaidi, ulioshindiliwa kama barabara. Maji hayapenyi tena hapo, na bila kupasuliwa kwa ripa (jembe la trekta la kupasua udongo ulioshikana) na kurudishiwa udongo wake mweusi, mahindi yataota na majani ya njano. Panga moja la mtambo, yaani bawa linalosukumwa na upepo, lina urefu wa mita 60 hadi 70 na halikunjwi, kwa hiyo kila kona ya njia lazima ipanuliwe, na kilicho ndani ya kona kifyekwe ili panga lipite juu yake. (Kona za Mlima Kitonga ni shauri la msafirishaji, lakini ndizo zitakazoamua panga refu kiasi gani linaweza kufika huku kwa barabara hiyo.)

Kebo za kilovolti 33 hufukiwa chini mita 1 hivi, zikilazwa kwenye mchanga, na utepe wa tahadhari juu yake. Jembe la ng'ombe linaingia sentimita 20, kwa hiyo mahindi na maharage hayana tatizo. Miti ndiyo haitakiwi, kwa sababu ya mizizi. Kila mtaro wa kebo ni ukanda ambao hautaota tena parachichi wala paini.

Na hapa kwenye miti ndipo tunapoumia zaidi. Ukurasa wa nne wa mkataba unamkataza mwenye ardhi kuweka "kizuizi chochote cha upepo". Tafsiri yake ni hii: paini la mita 20 huvuruga upepo hadi karibu mita 40 kwenda juu, na nyuma yake hadi mita 400 hivi. Ncha ya panga kwenye mnara wa mita 100 inashuka hadi mita 30 kutoka ardhini. Panga likikata upepo uliovurugika, umeme unapungua na beringi zinachoka mapema. Mwekezaji ana haki ya kuogopa hilo. Lakini basi anachukua haki ya kupanda miti kwenye mashamba mengi ambayo hayana mnara, na hayo halipii hata shilingi. Huku miti ndiyo ada ya shule na ndiyo bati la nyumba. Mtu aliyepanda miche mwaka jana ataambiwa aing'oe, na karatasi atakuwa ameshaisaini.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inasema ardhi ya kijiji isihamishwe kabla ya kukubaliana aina, kiasi, namna na wakati wa kulipa fidia. Eneo lisilozidi hekta 250 huamuliwa na mkutano mkuu wa kijiji. Likizidi hapo, ni Waziri. Ukihesabu maduara peke yake, mradi unaonekana mdogo sana. Ongeza njia, mitaro, viwanja vya kreni, kona na maeneo yaliyokatazwa miti, ndipo uone uko upande gani wa hizo 250. Labda ndiyo sababu ramani nzima haijaletwa.

Kuhusu kuondoa mitambo baada ya miaka 25, fedha ziwekwe benki tangu mwanzo. Hilo tutalijadili tukiwa na ramani mkononi.

Tunachoomba ni kimoja. Saini za wiki ijayo zisimame, na greda lisimame, mpaka ramani ibandikwe ofisi ya kijiji ikionyesha shamba kwa shamba: mnara, njia, mtaro, kalavati, kebo, na mpaka wa eneo lisiloruhusiwa miti. Na ule mtaro wa Jumatatu ukingwe kwa matuta ya mawe sasa, udongo ukiwa bado mkavu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Wenye mashamba ya kilimani