Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: viumbe wapya wa miambani na sisi tunaowaona kwanza

Ndugu wanachama, shikamooni wazee wangu, na vijana habari za majukumu.

Mambo ya fedha atayasoma mhazini mwenyewe kwa hiyo huko siingii, niseme tu ada bado zinachelewa na kusi lilipovuma mafuta ya boti yalitubana kweli. Uongozi uko vilevile mpaka uchaguzi.

Sasa hili ndo lililonikaa kichwani mwaka mzima. Wengi mmeniuliza, mwenyekiti hao samaki wapya wanaotangazwa wanatoka wapi wakati babu zetu wamevua bahari hii hii toka enzi na enzi? Swali la haki kabisa. Kuonekana na kutambuliwa kisayansi ni vitu viwili. Mpaka mtu apate sampuli, ahesabu magamba na miiba ya mapezi, amlinganishe na ndugu zake, siku hizi na DNA ipimwe, halafu aandike ichapishwe na ile sampuli iwekwe makumbusho ambako mwingine anaweza kwenda kuikagua, basi samaki huyo kwenye vitabu hayupo hata kama watu wanamla kila siku.

Mfano wa karibu ni hapo ng'ambo tu, Zanzibar. Mwaka 2019 alitangazwa Cirrhilabrus wakanda, kasamaki ka zambarau, magamba yamechorwa kama mnyororo uliofumwa, anakaa mita 50 hadi 80 chini ambako mzamiaji wa mtungi wa kawaida hafiki kirahisi. Samaki wengi ukishawatia kwenye dawa ya kuhifadhia rangi inatoka wanabaki wamepauka, huyu ile zambarau inabaki. Jina amepewa la Wakanda, nchi ya kubuni ya kwenye sinema. Kazi nzuri sana na naiheshimu, lakini waandishi wote wanne walitoka taasisi za Australia na Marekani, na mimi kama mtu wa pwani hilo linaniuma, nasema wazi.

Maana angalieni visiwa vya Maldives. Mwaka 2022 ametangazwa ndugu wa huyo wa Zanzibar, Cirrhilabrus finifenmaa, ambaye kwa miaka mingi watu walidhani ni aina ile ile ya samaki wa visiwa vya Chagos, kumbe siye. Safari hii mmoja wa waandishi ni Ahmed Najeeb, mtafiti wa huko huko Maldives, na jina limetoka kwenye lugha yao, la ua waridi. Hicho ndo nakitaka kwetu. Tuna vijana wanasoma sayansi ya bahari, IMS, ile taasisi ya sayansi za bahari kule Unguja ipo, TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, ipo, kwa nini isiwezekane?

Na msidhani mpaka ushuke mita 80. Yule farasi bahari mdogo wa Sodwana Bay, Afrika Kusini, Hippocampus nalu, aliyetangazwa mwaka 2020, ana urefu wa sentimita 2 hivi na anaishi mita 12 hadi 17 tu, sehemu ambayo watu wanazamia kila siku. Aliyemwona kwanza ni mwalimu wa kuzamia wa pale pale, akapiga picha, picha ikawafikia wataalamu, wakaja kumtafuta. Kabla yake hakuna aliyejua kama farasi wa aina ile ya kibete wapo kabisa upande wetu wa dunia. Picha moja jamani.

Huku kwetu pia historia ipo. Silikanti, yule samaki wa kale, dunia nzima ilidhani ameisha miaka milioni 65 na ushee iliyopita mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na alipoanza kuonekana Tanzania miaka ya 2003 na 2004 walionasa wengi ni wavuvi wa jarife, zile nyavu za papa, wa Tanga, ndo tukapata hifadhi ya silikanti mwaka 2009. Na hapo kisiwa cha Wasini, ukivuka mpaka tu kuingia Kenya, kuna konokono asiye na gamba, mweusi mwenye michirizi ya njano, anaitwa Halgerda wasinensis toka 1904, aliyemwandika ni Charles Eliot ambaye alikuwa kamishna wa Waingereza huku Afrika Mashariki. Mtu alikuwa anatawala nchi na bado alipata muda wa kuchungulia mawe ya pwani yetu.

Juzi juzi, Machi 2025, mradi wa Ocean Census, wa kutafuta viumbe wapya wa baharini, umetangaza viumbe 866 wapya, na mmoja ni samaki wa nusu papa nusu taa, yule samaki bapa, kutoka maji ya Msumbiji na Tanzania, mita 200 hivi. Wakati huo huo bahari inachemka, mwaka 2024 imetangazwa mara ya nne matumbawe kupauka duniani kote, yaani kugeuka meupe kwa joto la maji, na sie tuliokuwepo 1998 tunajua kupauka kukoje. Kuna vitu vitakufa havijaandikwa popote, hilo ndo linaninyima usingizi.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, hasa kina mama mnaoshuka miambani kutafuta pweza. Ukikuta kitu hukijui, iwe jongoo bahari, kiti cha pweza (yule wa umbo la nyota), konokono, chochote, piga picha hapo hapo kabla rangi haijabadilika, weka rula au hata kidole pembeni ipatikane size, andika mahali, kina na alikuwa amekaa juu ya nini. Samaki akishakufa kwenye ndoo mtandaze ubavuni mapezi yafunguke. Kuokota viumbe kwa ajili ya utafiti bila kibali hapana, hapo sitamtetea mtu. Kibali cha chama tulishaomba, ofisi husika imetuzungusha sana ila katibu bado anafuatilia.

Bamvu linalokuja, maji yakijaa na kupwa sana, tunatoka wote, maji yatakupwa kama saa nne asubuhi, njooni na viatu vya mpira maana urumba wenye miiba ni wengi. Wa boti waandikishe majina kwa katibu mapema, life jaketi hazitoshi.