Mbolezi zetu zinazimwa na kinanda na spika

Kwa Mhariri,

Ibada za mazishi hapa Nairobi zimejaa muziki, ila muziki unaomfikia mfiwa umeadimika. Siku za Alhamisi na Ijumaa, kabla magari hayajaanza safari ya kwenda nyumbani, makanisa na mahema ya kando ya mochari hutikiswa na spika zinazotosha uwanja mzima. Kwaya inaimba nyimbo sita na waombolezaji wanatazama simu. Kisha mama mzee aliye safu ya tatu anaanzisha wimbo wa zamani bila kinanda wala ngoma, sauti yake ikikwaruza, na hapo ndipo watu wanainama na kutoa vitambaa.

Sisi ni walimu wa kwaya na mafundi wa mitambo ya sauti. Tunaandika kwa sababu tofauti hiyo si muujiza. Chanzo chake kinajulikana, na sehemu kubwa yake inaweza kurekebishwa kabla ya Ijumaa ijayo.

Mwaka wa 1991, mwanasaikolojia Mwingereza John Sloboda alichapisha utafiti uliowauliza wasikilizaji 83 ni wapi hasa katika muziki miili yao huitikia. Machozi na donge la koo havikutawanyika ovyo. Viliangukia zaidi pale sauti inayobeba wimbo inapotua kwa mkazo juu ya noti isiyopatana na sauti zilizo chini yake, kisha ikateleza hatua moja hadi mahali pake. Kusimama kwa vinyweleo kulikuja kwingine, hasa pale upatanifu mpya usiotarajiwa ulipoingia.

Tuiite noti ya kuegemea. Chukua mwisho wa ubeti wowote. Besi wameshika do, sauti ya tatu wako so, sauti ya pili mi. Sauti ya kwanza wanatakiwa kumalizia do ya juu, lakini wanatua kwanza kwenye re na kukaa hapo pigo zima. Re inakwaruzana na do ya besi. Sikio linajua re hiyo inakwenda wapi na linaisubiri ishuke. Siri yote iko kwenye uzito: re iimbwe kwa sauti iliyojaa, do inayofuata iwe nyepesi kama mtu anayeshusha pumzi. Kwaya nyingi hufanya kinyume. Zinaipita re haraka kana kwamba ni kosa, kisha zinaipigia do kelele kwa sababu ndiyo ya mwisho. Mpiga kinanda naye anaharibu kwa njia yake: mkono wake wa kulia unapiga do wakati waimbaji bado wako kwenye re, na ule mvutano unageuka tope. Mahali hapo mkono wa kulia uondoke kabisa. Besi peke yake inatosha.

Kiswahili kimetupa bahati hapa. Mkazo wa maneno yetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: kwa-HE-ri, ma-CHO-zi, pum-ZI-ka, LA-la, MA-ma. Kila neno la namna hiyo tayari lina umbo la kuegemea na kushuka. Weka HE kwenye re na ri kwenye do, na mwimbaji hahitaji kufundishwa hisia. Neno lenyewe linapumua. Taabu ni kwamba tenzi nyingi tunazoimba zilitafsiriwa ili zitoshee tuni za ng'ambo, na tuni hizo hupenda kumalizia kwenye pigo zito. Kwaya ikifuata mapigo bila kufikiri, inaimba kwahe-RI na macho-ZI. Anayesikiliza huenda asijue kimeharibika nini, lakini neno limeacha kuwa la lugha yake na limemgusa nusu tu. Dawa ni ndogo. Mwalimu akae na maneno jioni moja, ayasome kwa sauti kama mazungumzo, apigie mstari silabi yenye mkazo, halafu aigawe noti moja ndefu iwe mbili au aanze mstari pigo moja mapema, ili mkazo wa neno na uzito wa pigo vikutane. Mistari mitatu au minne ikirekebishwa katika wimbo mzima inatosha.

Utafiti uleule wa Sloboda ulitaja na mwendo wa besi: la, re, so, do, kila mara ikishuka ngazi tano (ukihesabu na ile ya kuanzia) hadi nyumbani. Nyimbo nyingi za kanisa tayari zina mwendo huo. Besi wauimbe kwa utulivu na wasiujaze madoido, basi.

Kinanda cha mdundo wa kujipiga ndicho adui mkubwa wa mbolezi. Mdundo huo ukiwashwa kwenye kasi ya mapigo 100 na zaidi kwa dakika, wimbo uliohitaji 60 hadi 66 unapoteza nafasi ya kila noti ya kuegemea, kwa sababu pigo zima sasa ni sekunde 0.6 au pungufu. Zaidi ya hayo, pumzi ya msikilizaji inanyang'anywa utulivu wake. Watafiti wa Japani Kazuma Mori na Makoto Iwanaga walipopima miili ya wasikilizaji mwaka wa 2017, waliona kwamba machozi ya muziki yanaandamana na kupumua polepole. Ngoma ya mashine inauvuta mwili uelekee kwingine. Zima mdundo. Baki na sauti moja ya ogani au ya nyuzi, chini ya waimbaji. Kabla ya kila wimbo, mpigaji atazame pia ile namba ya kuhamisha ufunguo kwenye kioo cha kinanda. Ikiwa +2 iliyobaki kutoka wimbo uliotangulia haijarudishwa sufuri, kwaya nzima inajikuta juu kwa toni moja na haijui kwa nini inakazana.

Na kukazana ni jambo zito katika matanga. Mtu anapolia, mwanya wa zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, hutaka kubaki wazi ili hewa ipite, na kila anapomeza misuli hutaka kuufunga. Mvutano huo ndio lile donge. Koo la namna hiyo halifiki juu. Wimbo unaoimbwa vizuri Jumapili unawashinda watu walewale Ijumaa mbele ya jeneza, wananyamaza, na wakinyamaza wanabaki watazamaji. Kilele kisipite D iliyo oktavu moja na toni moja juu ya C ya katikati, na chini isipite A iliyo chini ya C ya katikati. Wimbo ulioandikwa katika G ukiwa na kilele cha E, ukianzwa katika F kilele kinashuka hadi D. Ukianzwa katika E bapa kinakuwa C, na hapo hata mjomba asiyeimba kamwe ataingia.

Kuna ajali inayofuatia nia njema. Mwalimu anaamua beti za kwanza ziimbwe bila ala, jambo tunaloliunga mkono kwa moyo wote, kisha kinanda kiingie ubeti wa mwisho. Kwaya isiyo na ala hushuka. Kwa beti nne inaweza kupoteza nusu toni bila yeyote kuhisi, kwa kuwa wote wameshuka pamoja. Kinanda hakijashuka. Kinapoingia, mgongano unasikika hadi nje ya lango na kila aliyekuwa karibu kulia anageuka kutazama. Kama kinanda lazima kiingie, mpigaji avae vifaa vya masikioni, atafute kimya kimya mahali kwaya ilipo, ahamishe ufunguo, ndipo aguse. Kushuka kwenyewe kunapunguzwa mazoezini: mi na ti ziimbwe zikielekea juu, na kila hatua ya kushuka iwe ndogo kuliko mwimbaji anavyodhani. Mwalimu apige noti ya kuanzia mwishoni mwa kila ubeti na kupima. Jioni mbili za kazi hiyo huonekana.

Wimbo uteuliwe na wafiwa, si na kwaya. Mwaka wa 2011 Valorie Salimpoor na wenzake mjini Montreal walionyesha kwamba ubongo hutoa dopamini wakati wa kilele cha wimbo tunaoupenda, na pia katika sekunde za kukisubiri kilele hicho. Anayeusikia wimbo kwa mara ya kwanza hana la kusubiri. Kwa hiyo ule wimbo mpya mgumu ambao kwaya imeufanyia mazoezi mwezi mzima ubaki kwa mashindano. Ulizeni familia nyimbo tatu ambazo marehemu aliziimba jikoni au kwenye gari, na ubeti mmoja uimbwe kwa lugha ya mama, hata kama ni watu wanane tu ndio wanaoijua. Hao wanane ndio wafiwa.

Sasa mitambo. Mwimbaji mmoja huhitaji maikrofoni moja, umbali wa sentimita 15 hadi 20. Akiigusisha mdomoni, sauti inajaa uzito wa chini na maneno yanafunikwa. Fundi akate kila kilicho chini ya hezi 100. Kwaya ya watu 20 haihitaji maikrofoni sita za mkono. Sauti ya mtu mmoja ikinaswa na maikrofoni tatu kwa nyakati zinazopishana kidogo, baadhi ya masafa yanafutana, na kwaya inasikika kama imo ndani ya mtungi. Mbili zinatosha, mita moja mbele ya waimbaji, juu kidogo ya vichwa, zikiachana mita tatu. Mwangwi wa kuongezwa kwenye miksa uzidi kupunguzwa. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa vokali, na mwangwi mrefu huziunganisha zote zikawa "aaa" moja isiyo na neno.

Mpiga nyatiti akialikwa, fundi asielekeze maikrofoni kwenye kidole cha mguu. Pete ya chuma inayogongwa kwenye ubao, pamoja na njuga za mguuni, husikika bila msaada wowote. Kinachohitaji msaada ni nyuzi nane. Elekeza kwenye ngozi ya ala, kama sentimita 30, kutokea juu.

Katika hema refu, spika za nyuma ndizo zinazoua wimbo wa polepole. Sauti hutumia takriban milisekunde 3 kwa kila mita. Aliyeketi mita 20 kutoka mbele anaisikia spika ya karibu kwanza, na milisekunde 60 baadaye kwaya yenyewe, na kila noti ya kuegemea inamfikia mara mbili. Spika ya nyuma icheleweshwe milisekunde 60, uongeze 10 ili sikio liamini kwamba sauti inatoka kwa watu walio mbele, na iwe na nguvu ndogo kuliko za mbele. Jenereta nayo iondolewe. Katika uwanja wazi kila umbali unapoongezeka mara mbili kelele hupungua kwa desibeli 6, kwa hiyo kuisogeza kutoka mita 5 hadi mita 20 kunaondoa 12. Waya mrefu ni gharama ndogo kuliko kuongeza spika ili kuishinda jenereta.

Kiasi cha sauti kipimwe na mtu anayeketi katikati ya watu, si na fundi aliye nyuma ya miksa. Ikiwa jirani hawezi kusikia kwikwi ya jirani yake, spika ziko juu mno. Watu hulia wakisikia kwamba hawako peke yao.

La mwisho ni kimya. Adagio ya Samuel Barber kwa okestra ya nyuzi, iliyopigwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1938, hupanda taratibu hadi nyuzi zote ziko juu kabisa, kisha zinakatika, na hakuna kitu. Wengi huvunjika katika kimya hicho, baada ya kelele kwisha. Huku kwetu noti ya mwisho haijafa na mwelekezi wa ibada ameshashika maikrofoni anatangaza namba ya gari lililoziba njia. Tunaomba fundi ndiye ashike swichi hapo. Kwaya ikimaliza, azime maikrofoni ya mwelekezi, ahesabu hadi kumi bila haraka, na kama kuna mtu anayelia safu za mbele ahesabu tena.

Walimu wa kwaya na mafundi wa mitambo ya sauti,
Nairobi