Programu za kufuatilia magonjwa zianzie kwenye meza ya zahanati

Ndugu Mhariri,

Arusha ni mji wa mikutano, na wataalamu wa afya na wa TEHAMA wamekutana huko mara nyingi kuzungumzia ufuatiliaji wa magonjwa kwa simu. Desemba 2014 walikaa pamoja wataalamu wa afya ya binadamu, wa mifugo na watengenezaji programu, na kazi ya AfyaData, programu ya simu ya kuripoti magonjwa inayosimamiwa na SACIDS, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya kuambukiza ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ikapata nguvu kutokana na kikao hicho. Tunaupenda ushirikiano wa namna hiyo. Tunachoomba ni uhamishwe kutoka ukumbini, uanzie kwenye meza ya zahanati siku ya foleni, kabla mtu hajaandika hata mstari mmoja wa programu.

Tuanze na homa, maana ndiyo inayojaza mabenchi yetu. Kati ya 2007 na 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi, Moshi. Zaidi ya asilimia 60 walikuwa wameandikiwa malaria. Vipimo vya uhakika viliikuta malaria kwa wagonjwa 14 tu, yaani asilimia 1.6. Wengine walikuwa na homa ya mgunda (leptospirosisi), ile iliyokuja kuzuka Lindi mwaka 2022, au brusela, homa ya Q, chikungunya na homa za kupe. Sasa chukua programu ambayo orodha yake inaanza na "malaria" na kuishia na "homa nyingine". Kosa lilelile la kwenye karatasi litafika wizarani, ila litafika haraka zaidi. Fomu inayofaa huuliza kwanza kipimo cha haraka cha malaria na kutoa majibu matatu: chanya, hasi, hakikufanyika. Hilo la tatu ndilo linalosahaulika, na ndilo linalomwambia mratibu wa wilaya kwamba huenda vipimo hivyo vimeisha.

Mtengenezaji programu akikaa siku mbili kando ya muuguzi ataona kwamba kazi inaanzia kwenye rejesta namba 5 ya MTUHA (mfumo wa taarifa za afya), ya wagonjwa wa nje, na kwamba mtu huyohuyo anayeandika ndiye anayepima, anayetoa dawa na anayejumlisha ripoti ya wiki. Mpangilio wa maswali kwenye simu ukiachana na mpangilio wa safu za rejesta, jicho litaruka huku na huku na makosa yataingia. Vilevile maneno. Mgonjwa hasemi "kuhara kwa ghafla kwa majimaji", anasema tumbo linaendesha, au kwamba anatoa maji kama ya mchele. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anahitaji swali lenye maneno hayo.

Kisha kuna saa. Muuguzi anaandika kwamba mgonjwa alifika saa 2:00, akimaanisha asubuhi. Programu iliyotengenezwa kwa saa za kizungu inalisoma jambo hilo kuwa saa nane usiku. Kwa ugonjwa unaotakiwa kuripotiwa ndani ya saa 24, hapo robo ya muda imepotea kwenye hesabu. Lipo gumu zaidi. Wiki ya kuripoti inaanza Jumatatu na kuisha Jumapili. Mgonjwa aliyefika saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu, muuguzi wa zamu anamwandika chini ya Jumapili kwa sababu zamu yake ilianza Jumapili, na simu inampeleka wiki inayofuata. Rejesta na simu hazitalingana, na msimamizi atadhani kuna mtu amepika takwimu. Dawa yake ni nyepesi: weka vitufe vya alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku, mtu achague na kuandika saa anayoijua, kisha programu igeuze yenyewe na kumwonyesha tarehe ili aithibitishe. Hatujui mtu wa TEHAMA ambaye angelibuni hilo akiwa ofisini peke yake, na wala si kosa lake.

Tarehe ya simu nayo isiaminiwe. Simu ya bei nafuu ikizimika kwa siku kadhaa inaweza kuwaka ikiwa imerudi 1 Januari 1970. Kisa cha surua kilichohifadhiwa hapo kinaingia kwenye wiki ya mwaka 1970, na kwenye grafu ya leo hakionekani. Seva ikatae tarehe yoyote iliyo kabla ya mradi kuanza na kumrudishia aliyetuma, naye aulizwe tarehe tatu tofauti: dalili zilipoanza, mgonjwa alipofika, taarifa ilipotumwa. Bila ile ya kwanza huwezi kujua mlipuko ulianza lini, na hiyo ndiyo inayoachwa wazi kuliko zote.

Jambo jingine ni sifuri. Zahanati ikiripoti sifuri ya ulemavu wa ghafla kwa watoto, yaani viungo kupooza na kulegea ghafla, dalili inayotumika kuisaka polio, maana yake imetafuta na haikuona. Ikiacha wazi, maana yake hatujui. Tumeona programu zinazoyageuza mapengo yote kuwa sifuri ili jedwali lipendeze. Kwa polio hilo ni hatari, kwa sababu ufuatiliaji mzuri unategemea kupata angalau mtoto mmoja mwenye ulemavu huo usio wa polio katika kila watoto 100,000 wa chini ya miaka 15 kwa mwaka. Mahali ambapo hapatikani hata mmoja, huenda hakuna aliyetafuta; mratibu anatakiwa aende akaangalie, asipongeze.

Majina ya mahali yasiandikwe kwa mkono. Majengo iko Moshi, iko Arusha, na iko karibu kila mji wa nchi hii. Mahali palepale mtu mmoja ataandika Kibosho Kati, mwingine ataishia kwenye Kibosho tu. Mtumiaji achague wilaya, kata, kijiji kwa kubonyeza, na kila kijiji kiwe na msimbo wake.

Kuhusu mtandao, wengi wanaoandika programu wana simu kubwa na bando la kutosha. Miteremkoni mwa Kilimanjaro na huko Longido kuna kitochi, simu ndogo ya vitufe. Menyu ya USSD, ile ya kupiga nyota na namba, haizidi herufi 182 kwa skrini moja, na muda wake ni mfupi: muuguzi akiitwa na mama anayejifungua, akirudi anakuta menyu imekata na alichojaza kimefutika. Kwa hiyo maswali ya dharura yasizidi matano, na kila jibu lihifadhiwe palepale. Kwenye simu janja, kisa kihifadhiwe ndani ya simu na kupewa namba yake ya kipekee humohumo. Mtandao ukiyumba na mtu akabonyeza "tuma" mara tatu, seva itambue ni mgonjwa mmoja. Bila namba hiyo, mgonjwa mmoja wa kipindupindu anakuwa watatu, gari linatoka, na mara inayofuata hakuna atakayeiamini simu.

Ukanda wetu una sharti moja la ziada: mifugo. Mwaka 2007 Homa ya Bonde la Ufa ilipoingia nchini baada ya mvua kubwa, wagonjwa wa mwanzo walionekana Ngorongoro. Kwa kawaida ugonjwa huu unatanguliwa na mifugo kutupa mimba kwa wingi. Kimeta kadhalika: ng'ombe anaanguka ghafla, damu inatoka puani isiyoganda, nyama inagawanywa, na siku chache baadaye mtu anafika zahanati na kidonda cheusi kisichouma. Taarifa ya ng'ombe yule inakwenda kwa afisa mifugo, ya kidonda kwa mganga. Tunataka moja iamshe nyingine: afisa mifugo akiripoti mzoga wa aina hiyo, zahanati ya kata hiyo ipate ujumbe siku hiyohiyo. Kiufundi ni kazi ndogo, mradi mifumo yote miwili itumie misimbo ileile ya vijiji.

Siri ya mgonjwa haina mjadala mrefu. Picha za kurasa za rejesta zenye majina zisitumwe kwenye makundi ya WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023 nayo inawahusu watumishi wa afya. Lakini watu wanatuma picha kwa sababu ndiyo njia rahisi kuliko zote walizopewa. Programu ikiwa ngumu kuliko WhatsApp, itashindwa na WhatsApp.

Majaribio yafanyike kwenye vituo vitatu tu: kimoja cha mjini, kimoja cha mlimani, kimoja cha tambarare kwa wafugaji. Karatasi na simu viende sambamba kwa wiki nne, kila Jumatatu watu wa pande zote mbili wakae walinganishe kisa kwa kisa na kutafuta kila tofauti imetoka wapi. Baada ya hapo karatasi ya ripoti ya wiki iondolewe. Miradi inayoacha zote mbili inamwongezea muuguzi kazi, naye ataiacha ile isiyokaguliwa.

Na aliyetuma ajibiwe. Ujumbe mfupi tu: kisa kimepokelewa, sampuli imefika maabara, majibu ni haya. Tunaziomba halmashauri za Arusha na Kilimanjaro, kila zinaposaini mkataba wa programu mpya, ziweke ujumbe huo ndani ya mkataba, na zitaje kwa jina la cheo nani atalipia SMS hizo mwaka wa tatu, mfadhili akishaondoka.

Wahudumu wa afya na watengenezaji programu,
Moshi