Barua kwa Mwanangu: Ile Kona ya Dari

Mwanangu,

Sisi hatujambo. Picha ya kona yako nimeiona, na nimecheka hadi baba yako akauliza kulikoni. Usione haya. Mkanda wa dari, ule urembo unaozunguka chumba pale ukuta unapokutana na dari, huwaumbua hata mafundi, kwa sababu haulali ukutani wala darini. Unakaa mshazari katikati. Wewe uliulaza bapa ukaukata nyuzi 45, ncha zikagoma kukutana.

Ugeuze juu chini ndani ya kisanduku cha kukatia, kile chenye mianya ya kuongoza msumeno kwa pembe. Sakafu ya kisanduku ndiyo dari, ubavu wake ndio ukuta. Kushoto kutageuka kulia na kichwa kitakuuma. Mimi niliharibu vipande vitatu mfululizo, cha nne nikakaa nikikitazama tu. Tangu hapo nina vipande viwili vya urefu wa kiganja, kimoja nimekiandika "kushoto", kingine "kulia". Vipande hivyo ndivyo ninavyovijaribisha kwenye kona kabla ya kugusa mkanda mrefu.

Na nani kakuambia chumba chako kina pembe za nyuzi 90? Plasta hujaa konani. Ukipima ukapata 92, gawa nusu: mkato ufanye nyuzi 46 na urefu wa mkanda. Msumeno ambao sifuri yake ni mkato mnyoofu utauweka kwenye 44.

Kwa kuwa mikanda yako ni ya mbao, kona za ndani usizikutanishe kwa mshazari. Mbao hunywea ikikauka, mwanya ukafunguka. Kipande cha kwanza kikate mnyoofu kiguse ukuta. Cha pili kikate mshazari, utaona ukingo wa nakshi umejichora wenyewe kwenye uso wake. Fuata mstari huo polepole kwa msumeno mwembamba wa upinde, ukiulaza kidogo ili nyama ya nyuma iondoke na ukingo wa mbele pekee ubaki kumgusa mwenzake. Pakikwama, msasa uliozungushwa kwenye penseli unamaliza kazi. Kona za nje hazina ujanja huu; ni mshazari na gundi.

Anza na ukuta unaotazamana na mlango. Mikanda ya pembeni ikija kuugota ule wa kwanza, mwanya ukibaki hautaonekana na anayeingia.

Dari yako ina tumbo, nimeliona. Usiulazimishe mkanda kulifuata. Piga mstari wa kamba ya chaki ukutani, ufuate huo, palipoachana juu ujaze akriliki ya kuzibia. Silikoni ya kawaida usiiguse, haishiki rangi.

Mbao zilale chumbani siku mbili tatu kwanza, na koti la kwanza la rangi lipakwe zikiwa bado chini. Shingo yako itanishukuru.

Baba yako anauliza kama kutabaki kipande cha mita moja hivi. Ana kioo kinachotaka fremu.

Mama yako