Delta ya Rufiji haipimwi kwa kilomita

Mhariri,

Makala za utalii zinazohimiza watu kupiga kayaki katika delta ya Rufiji huwapa wasomaji ramani na kilomita, basi. Kule safari hupangwa kwa maji. Kayaki yenye mizigo huenda kama kilomita 5 kwa saa. Mkondo wa kilomita 3 kwa saa ukikusukuma, kilomita 16 ni mwendo wa saa mbili. Ukikukabili, ni saa nane, na kabla hujafika maji yameshageuka.

Anzeni na mwezi. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku hizo pwani yetu maji hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, yakapwa kabisa kwenye saa 4 asubuhi. Anayekunywa chai kwanza ndipo ashushe kayaki atakuta matope matupu. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo siku mbili baadaye hujaa kwenye saa 12 asubuhi. Hiyo ndiyo siku nzuri ya kushuka kuelekea baharini: mnaondoka na mwanga, maji yanawabeba hadi adhuhuri.

Angalieni pia jedwali la maji kujaa na kupwa limeandikwaje. Mengi hutumia saa za kizungu, na anayesoma 10:00 akadhani ni saa kumi amekosea kwa saa sita, yaani ameweka kujaa mahali pa kupwa. Tena jedwali la Dar es Salaam ni la bandarini. Ndani ya delta maji huchelewa, na wakati wa masika mto ukifurika kupwa huchukua muda mrefu zaidi. Chomekeni kijiti ukingoni jioni, muone maji yanapogeuka, mpate saa ya mahali hapo hasa.

Maji hayapwi kwa kasi moja. Yakiwa ya kushuka mita 3.6, saa ya kwanza hutoka kama sentimita 30, ya pili 60, ya tatu na ya nne 90 kila moja. Ndiyo maana kijito kilichopitika vizuri ghafla hukauka. Aliyepwelewa saa moja baada ya maji kujaa atangoja kama saa kumi. Aliyepwelewa saa moja kabla ya kupwa kabisa, mbili tu. Asishuke kuisukuma kayaki. Matope humeza mguu hadi pajani, na chaza walioshika mizizi ya mikoko hukata kama wembe.

Mlangoni mwa mto, alasiri, upepo wa baharini ukikutana na maji yanayotoka, mawimbi huwa mafupi na yaliyosimama. Piteni kabla ya saa 5 asubuhi, jaketi okozi zikiwa zimefungwa mwilini.

Maji ya kunywa chukueni lita 5 kwa mtu kwa siku, kwani ya vijitoni ni ya chumvi. Kwenye mikoko hakuna pa kupiga hema: ombeni kulala kijijini kupitia serikali ya kijiji, na kibali cha msitu kitafutwe mapema kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Penye maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, kuna mamba na viboko. Gongeni ubavu wa kayaki kwa kafi mnapokaribia kona, na msikatize kati ya kiboko na maji yake ya kina. Jua likianza kuzama, muwe mmeshatoka majini.

Msomaji,
Kibiti, Pwani