Vidonge vya kuongeza damu na kipimo cha sukari

Mhariri,

Mwenye kisukari aliyepungukiwa madini ya chuma anaweza kuonyesha HbA1c (kipimo cha sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, kinachoonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu) ya juu kuliko sukari yake halisi. Akianza vidonge vya chuma, chembe nyekundu changa, ambazo hazijanatwa na sukari nyingi, huongezeka na kipimo hushuka, hata kama sukari haijabadilika. Dozi ya kisukari isiguswe kabla ya kupima sukari kwa damu ya kidoleni kwa siku kadhaa.

Kidonge cha ferasi salfeti cha miligramu 200 kina takriban miligramu 65 za chuma. Asiyepungukiwa asikimeze kiholela, eti “kuongeza nguvu”: chuma kikizidi kwa miaka hurundikana kwenye kongosho, huumiza seli za beta zinazotengeneza insulini, na insulini hupungua. Apime feritini (kipimo cha damu cha akiba ya chuma mwilini) kwanza. Wajawazito wasiache vidonge walivyopewa kliniki.