Kabla hujanunua hiyo chupa ya bakteria

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, unayouliza kama ununue chupa ya bakteria wa kusafisha udongo wako uliochafuliwa na dizeli, na jibu langu ni kwamba hiyo chupa usiinunue, angalau si sasa. Bakteria wanaokula mafuta wamo tayari humo udongoni. Dizeli imekuwa ikivuja hapo tangu enzi za jenereta, kwa hiyo waliobaki ni wale walioizoea. Wanachokosa ni vitu vingine.

Meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska mwaka 1989, fukwe zilinyunyiziwa mbolea yenye naitrojeni na fosforasi, vijidudu vya palepale vikaongeza kasi. Bakteria wa kununua walijaribiwa pia, lakini hawakuonyesha kuizidi mbolea peke yake. Hata yule bakteria mla mafuta aliyetengenezwa maabara na mwanasayansi Ananda Chakrabarty, ambaye kesi yake ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1980 na kufungua mlango wa kutoa hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) kwa kiumbe hai, alivuma zaidi mahakamani kuliko kwenye udongo.

Mafuta yamejaa kaboni, naitrojeni karibu hakuna. Kijidudu kinashiba kaboni lakini hakiwezi kujenga mwili, basi kinainyakua naitrojeni yote iliyomo ardhini, na mimea inabaki mikono mitupu. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya ile miche yako kuwa ya manjano. Kadirio la kuanzia ni sehemu 100 za kaboni kwa 10 za naitrojeni na 1 ya fosforasi. Ila igawe mbolea kidogo kidogo. Chumvi yake ikizidi itawaua haohao unaowalisha.

Halafu maji. Chukua bonge la udongo ulidondoshee tone moja. Likikaa juu kama shanga bila kuzama, ujue mafuta yamezifunika punje, na mbegu itakufa kiu hata ukimwagilia kutwa. Baadhi ya bakteria hutoa kitu cha jamii ya sabuni kinachoyavunja mafuta kuwa matone madogo, lakini wanahitaji unyevu na hewa kwanza. Changanya mboji, tifua mara kwa mara, usiache pakauke wala patuame maji. Kuhusu kina, mafuta yaliyozama chini sana huoza polepole mno kwa sababu oksijeni haifiki.

Harufu ikiisha usishangilie. Sehemu nyepesi za dizeli huruka au huliwa mapema. Zile zenye pete nyingi za kaboni hung'ang'ania miaka. Na kama palimwagwa oili chafu ya injini, huenda kuna metali, ambazo hakuna kijidudu kinachoweza kuzila zikaisha. Peleka udongo maabara kabla ya kupanda chochote cha kuliwa, tafadhali.

Anza na nyasi zenye mizizi mingi myembamba. Mizizi hutoa sukari na asidi, bakteria hujazana kandokando yake, na mafuta huliwa haraka zaidi hapo. Wapo pia bakteria wanaolipa fadhila: mzizi ukiteseka hutengeneza etilini, homoni inayoudumaza, nao bakteria hao wana kimeng'enya kinachokata malighafi ya homoni hiyo, mzizi ukaendelea kurefuka. Ukishaona nyasi zimekubali, weka mimea ya jamii ya kunde. Hapo ndipo pesa yako ya bakteria ingefaa: nunua wale wa vinundu vya mizizi ya kunde, wanaopakwa kwenye mbegu, maana wao huleta naitrojeni kutoka hewani.

Kabla ya yote hayo, jaza sahani moja udongo huo na nyingine udongo safi, panda mbegu 10 za aina moja kila sahani. Za udongo mchafu zisipofika hata nusu ya zile nyingine, endelea kutifua tu. Nitumie hesabu ya zilizoota, na uniambie mizizi ina rangi gani.

Wako,
Zuhura